Anchor Steam: Bia ya Mvuke Isiyo na Mvuke

Kiwanda cha bia cha Anchor cha San Francisco kilipotangaza Julai 2023 kwamba kinafunga milango, mabishano mawili ya zamani yalifufuka. La kwanza: je, hiki ndicho kiwanda kilichozaa bia za krafti (za viwanda vidogo vilivyo huru) Marekani, au kilikuwa kimekwisha kuacha kuwa cha krafti miaka sita nyuma? La pili ni la wanywaji wenyewe: hilo neno "Steam", yaani mvuke, lililoandikwa kwenye chupa lina maana gani? Bia hupikwa kwa mvuke?

Majibu kwa ufupi: neno mvuke ni jina la bia iliyochachushiwa kwenye joto kuliko chachu yake ilivyozoea, na neno krafti linahusu nani anashika hisa za kiwanda. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili linalokuambia kama bia ni tamu. Ili kuona ni kwa nini, inabidi tuanzie kwenye sufuria.

Vitu vinne

Bia ya kawaida ina maji, kimea, hopsi na chachu. Kimea ni nafaka, hapa shayiri, iliyolowekwa mpaka ikachipua, kisha ikakaushwa kabla chipukizi halijala wanga wote. Aliyewahi kuandaa kimea cha ulezi kwa ajili ya togwa hana jipya hapa. Kimea husagwa kwa kupasuliwa tu, kisiwe unga laini, kisha hulowekwa kwenye maji ya nyuzijoto 65 hadi 68 kwa muda wa saa moja hivi. Katika muda huo vimeng'enya vilivyomo kwenye punje hugeuza wanga kuwa sukari. Kinachochujwa ni maji matamu, mazito kidogo, ya rangi ya chai ya rangi. Tuyaite maji ya kimea.

Maji hayo huchemshwa pamoja na hopsi, ambayo ni maua ya mmea unaopanda kwenye kamba. Hopsi hutoa uchungu, harufu, na kinga kiasi dhidi ya baadhi ya bakteria. Baada ya kuchemka hupozwa haraka, kisha hutiwa chachu. Chachu hula sukari na kutoa kilevi na gesi ya kaboni. Hadi hapo bia zote za dunia ni ndugu.

Zinapoachana ni kwenye chachu. Bia za jamii ya eili hutumia chachu inayopenda joto la nyuzi 15 hadi 24 hivi, na povu lake hukusanyika juu. Bia za jamii ya laga hutumia chachu nyingine, inayovumilia baridi ya nyuzi 7 hadi 13, ambayo kwa kawaida hutuama chini. Chukua donge la unga wenye hamira uligawe: nusu weka karibu na jiko, nusu kwenye friji. Yote yataumuka, ila la jikoni litaumuka upesi na kuwa na harufu kali, na la kwenye friji litachukua siku nzima na kubaki na ladha tulivu. Vivyo hivyo, eili hunukia matunda na laga huwa na ladha safi isiyo na makeke. Neno lenyewe laga ni la Kijerumani na linahusu kuweka ghalani: bia hiyo huhifadhiwa kwenye baridi kwa wiki kadhaa kabla ya kunywewa.

Watu wengi hudhani laga ni bia nyeupe na eili ni bia nyeusi. Sivyo. Rangi hutoka kwenye kimea, kutegemea kilikaushwa au kukaangwa kwa moto wa kiasi gani. Zipo laga nyeusi tii na eili za rangi ya majani makavu. Wala weusi si dalili ya ukali: kilevi hutegemea wingi wa sukari iliyoliwa na chachu, na kukaanga kimea hakuongezi sukari hiyo.

Chachu ya baridi kwenye mji usio na barafu

Sasa tufike California. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1848, watu walimiminika San Francisco, wakiwamo Wajerumani waliojua laga na kuitamani. Chachu ya laga waliipata. Baridi hawakuipata. Mji una ukungu na upepo wa bahari, lakini mito yake haigandi, na mashine za kutengeneza barafu zilikuwa bado hazijafika au zilikuwa na bei ya kutisha. Wakalazimika kutumia chachu ya baridi kwenye joto la chumba, nyuzi 16 hadi 18 hivi.

Tatizo ni kwamba chachu yenyewe hutoa joto inapofanya kazi. Tangi refu la bia linaloachwa bila kupozwa hujipasha kutoka ndani, na chachu ya laga ikipata joto kupita kiasi huanza kutoa ladha chafu. Ufumbuzi wao anaujua kila anayemimina chai kwenye kisosi ili ipoe: tandaza. Walichachushia kwenye mabeseni mapana yaliyo wazi, yenye kina kifupi. Lita 1,000 za bia kwenye beseni la kina cha sentimita 60 zina uso wa takriban mita 1.7 za mraba unaokutana na hewa. Lita hizohizo kwenye tangi la kina cha mita 2 zina nusu mita ya mraba tu. Uso ukiwa zaidi ya mara tatu, joto hutoka lenyewe, na upepo wa bahari hufanya kazi ya friji.

Mvuke unaingia wapi? Bia ile haikuwa na nafasi ya kukaa wiki sita ghalani. Ikishachacha siku chache, ilitiwa kwenye mapipa ikiwa imechanganywa na kiasi cha maji ya kimea yaliyoanza kuchacha, kisha mapipa yakazibwa. Uchachushaji ukaendelea ndani, gesi ikakosa pa kutokea, shinikizo likapanda sana. Mwenye baa alipofungua pipa, lilitoa mlio na povu kama bomba la mvuke lililopasuka. Hayo ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi. Wapo wanaosema jina lilitokana na mabeseni ya maji ya kimea ya moto yaliyowekwa juu ya mapaa ili yapoe, yakafuka mvuke kwenye ukungu. Maelezo yote mawili yanakubaliana kwenye jambo moja: mvuke haukupika bia.

Kwa hiyo swali la mtihani, "Anchor Steam ni laga au eili?", lina jibu lisiloridhisha wapenda kuweka kila kitu kwenye sanduku lake. Chachu ni ya laga, joto linakaribia la eili. Baada ya kuhamia jengo jipya, Anchor waliendelea kuichachushia kwenye mabeseni mapana ya wazi, kwenye chumba ambacho hewa yake inachujwa, kisha wakaihamishia kwenye matangi yaliyofungwa ili ipate gesi. Ilikuwa na kilevi cha asilimia 4.9, rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu iliyotokana na kimea cha karameli, na uchungu wa hopsi aina ya Northern Brewer, yenye harufu ya miti na majani ya mnanaa. Kwa kuwa Anchor walisajili jina la mvuke kuwa alama yao ya biashara, viwanda vingine vinavyotengeneza bia ya namna hii huiita "California common".

Ukitaka kuiona kwenye ndoo

Sheria ya shirikisho ya Marekani imewaruhusu watu wazima kujitengenezea bia nyumbani tangu Februari 1979, galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mmoja, 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, mradi isiuzwe. Bia hii ni somo zuri kwa sababu haihitaji friji kubwa wakati wa kuchacha, lakini haisamehi uzembe.

Kwa lita 20 zinatosha kilo 4.3 za kimea cheupe na gramu 450 za kimea cha karameli. Loweka kwa nyuzi 67 kwa dakika 60. Suuza makapi kwa maji yasiyozidi nyuzi 76. Yakizidi, maganda hutoa ukakasi kama wa chai iliyoachwa na majani yake. Chemsha saa nzima bila kufunika sufuria. Kufunika ni kosa la kawaida sana: kuna kemikali inayonuka mahindi ya kuchemsha ambayo hutakiwa kutoka na mvuke, na kifuniko huirudisha ndani. (Huo ndio mvuke pekee wenye kazi katika bia hii, na kazi yake ni kuondoka.) Tia gramu 28 za Northern Brewer maji yanapoanza kuchemka, gramu 14 zikibaki dakika 15, na gramu 28 unapozima moto.

Kwa nini hopsi itiwe mara tatu? Uchungu na harufu haviendi pamoja. Uchungu huhitaji kuchemka muda mrefu ili uyeyuke na kubadilika. Harufu ni mafuta mepesi, na yakichemka saa nzima yanapaa yote. Ua ni lilelile, saa ndiyo inayoamua litafanya kazi gani.

Poza hadi nyuzi 16 ndipo utie chachu, tena ile ya laga inayovumilia joto. Wengi hutia chachu kwenye nyuzi 25 wakitumaini joto litashuka lenyewe usiku. Halishuki, maana chachu imeshaanza kujipasha. Ladha mbaya za bia nyingi huzaliwa katika siku mbili hizo za mwanzo. Shikilia nyuzi 16 au 17 kwa siku saba hadi kumi. Ukinusa siagi, usiitoe bado: hiyo ni dalili ya kazi iliyokatizwa. Iache ipande hadi nyuzi 18 kwa siku mbili tatu, chachu itaisafisha yenyewe. Kisha iweke baridini wiki mbili.

Kabla ya kujaza chupa, pima kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki kwa kulinganisha uzito wa bia na wa maji. Ianze kwenye 1.050 hivi na iishie karibu na 1.012, na namba isibadilike kwa siku tatu mfululizo. Sukari ya kuipa gesi ni gramu 6 kwa lita. Ukijaza wakati namba bado inashuka, utakuwa umetengeneza pipa la mvuke la karne ya 19 ndani ya chupa ya kioo, na kioo hakina subira ya mbao. Tumia chupa za rangi ya kahawia. Mwanga wa jua ukipiga hopsi kupitia kioo cheupe, hutokea harufu mbaya ndani ya dakika chache, na hakuna dawa ya kuiondoa.

Kiwanda kilichozikwa mara nyingi

Ukoo wa Anchor huanzia 1871, Mjerumani Gottlieb Brekle aliponunua baa yenye meza za biliadi katika mtaa wa Pacific na kuigeuza kiwanda cha bia. Mwaka 1896 kilinunuliwa na Ernst Baruth na mkwewe, Otto Schinkel mdogo, na hao ndio waliokiita Anchor, yaani nanga. Baruth alifariki Februari 1906. Miezi miwili baadaye tetemeko na moto vikakiteketeza kiwanda. Mwaka uliofuata, wakati jengo jipya likianza kazi, Schinkel akagongwa na tramu akafa. Ikaja marufuku ya pombe ya 1920 hadi 1933. Marufuku ikaisha, wakafungua tena, na moto ukawarudia 1934. Mwaka 1959 wakafunga kabisa, na 1960 kikafunguliwa na mmiliki mwingine.

Hapa ndipo dhana ya "kiwanda cha kwanza cha krafti" inapohitaji kurekebishwa. Anchor haikuanzishwa kama kiwanda cha krafti. Ilikuwa mabaki ya zama za zamani, kiwanda cha mwisho kilichoendelea kung'ang'ania bia ya mvuke huku mji mzima ukinywa laga nyepesi za viwanda vikubwa. Kiwanda kidogo kilichojengwa upya kutoka sifuri kwa lengo la kutengeneza bia za namna hiyo ni New Albion, kilichoanzishwa na Jack McAuliffe huko Sonoma, California, mwaka 1976.

Aliyeigeuza Anchor ni Fritz Maytag, kijana wa ukoo wa mashine za kufulia za Maytag, aliyesikia mwaka 1965 kwamba bia anayoipenda inakaribia kutoweka. Akanunua asilimia 51 ya hisa. Alichokikuta hakikuwa cha kujivunia: bia mara nyingi ilifika baa ikiwa imeharibika, chachu kweli. Kiswahili kina ukali wake hapa, kwani neno hilohilo moja ni la kitu kinachoiumba bia na la ladha yake ikioza.

Kuharibika huko kulitokana na njia yenyewe. Baridi ya laga haimsaidii tu mtengenezaji kupata ladha safi, humlinda pia, maana kwenye nyuzi 10 bakteria wengi huzaana polepole. Beseni la wazi lenye nyuzi 16 ni karamu ya wote. Mbinu iliyowaokoa wazee na gharama ya barafu iliwadai usafi ambao kiwanda hoi hakikuweza kuulipia. Maytag alijifunza elimu ya vijidudu, akakaa kwenye hadubini, akabadilisha vifaa kimoja baada ya kingine. Ilimchukua miaka kumi hivi kabla ya kuona faida. Mwaka 1971 ndipo bia hiyo ilianza kuuzwa kwenye chupa. Kabla ya hapo ilikuwa ya kegi tu, yaani mapipa ya baa. Mwaka 1979 kiwanda kilihamia mtaa wa Mariposa, kwenye jengo lililokuwa la kukaangia kahawa, na kikafunga masufuria makubwa ya shaba kutoka Ujerumani.

Bia zilizofuata

Anchor Porter iliingia kwenye chupa mwaka 1974, wakati bia nyeusi ya namna hiyo ilikuwa karibu kusahaulika hata Uingereza ilikozaliwa. Mwaka 1975 ukaja wenye uzito kuliko yote.

Liberty Ale ilipikwa Aprili 1975 kuadhimisha miaka 200 ya safari ya farasi ya Paul Revere, aliyewaonya Wamarekani kwamba askari wa Uingereza wanakuja. Ilitumia hopsi ya Cascade, aina mpya ya Kimarekani iliyotolewa kwa wakulima miaka michache tu nyuma, yenye harufu ya balungi. Sehemu ya hopsi ilitiwa baridi, baada ya bia kuchacha, bila kuchemshwa kabisa, ili mafuta yale mepesi yasipae. Leo harufu hiyo imo kwenye nusu ya bia za krafti unazozijua. Mwaka 1975 mnywaji wa Marekani hakuwa amezoea bia inayonukia tunda. Ukiniuliza, hii ndiyo bia ya Anchor yenye wajukuu wengi, kuliko hata ile ya mvuke iliyowapa jina.

Old Foghorn ya mwaka huohuo ilikuwa nzito kiasi cha kuitwa divai ya shayiri, na ilitumia maji ya kwanza tu ya kimea, yale matamu zaidi, kama tui la kwanza la nazi. Na tui la pili? Halikumwagwa. Kwa desturi ya zamani ya Kiingereza, makapi yaleyale yalisuuzwa tena, na maji mepesi yakawa bia nyingine, Anchor Small Beer.

Bia yao ya Krismasi, iliyoanza pia 1975, ilibadilishwa mapishi kila mwaka, na kila mwaka lebo ikapewa mti mwingine. Ya ngano ikafuata mwaka 1984.

Krafti ni hisa

Chama cha watengenezaji bia wa Marekani, Brewers Association, kina fasili ya kiwanda cha krafti. Kiwe kidogo, kisichozidi mapipa milioni 6 kwa mwaka. Kiwe huru, yaani chini ya asilimia 25 ya hisa zake ndizo ziwe mikononi mwa kampuni ya vileo ambayo yenyewe si ya krafti. Kuna pia ngazi za ukubwa: chini ya mapipa 15,000 ni kiwanda kidogo sana, kati ya 15,000 na milioni 6 ni cha kanda.

Pipa la Marekani ni lita 117 hivi. Mapipa 15,000 ni karibu lita milioni 1.76, na milioni 6 ni zaidi ya lita milioni 700. Hicho ndicho "kidogo". Zamani kikomo kilikuwa milioni 2, kikapandishwa wakati Boston Beer, kampuni ya Samuel Adams, ilipokuwa inakikaribia. Kulikuwa pia na sharti la utamaduni wa mapishi, likaondolewa Desemba 2018. Kwa hiyo anayekuambia krafti maana yake bia isiyochujwa, yenye kilevi kingi, isiyo na mahindi wala mchele, au iliyotengenezwa kwa mikono, anaongeza yake. Fasili haisemi hayo.

Maytag aliuza kiwanda mwaka 2010 kwa wawekezaji waliotoka kwenye biashara ya vodka, na krafti ikabaki. Agosti 2017 ikatangazwa kwamba Sapporo ya Japani inakinunua chote. Sapporo ni kampuni kubwa ya bia, na hisa zote ni zaidi ya asilimia 25. Siku moja bia iliyotoka kwenye masufuria ya shaba ya Mariposa ilikuwa ya krafti, siku ya pili haikuwa, kwa chachu ileile na wafanyakazi walewale. Miezi michache kabla, chama kilikuwa kimeanzisha muhuri wa uhuru wenye picha ya chupa iliyopinduliwa, ili mnunuzi atofautishe. Anchor, waliosomesha kizazi kizima cha watengenezaji hao, wakawa hawana haki ya kuubandika.

Basi waliosema mwaka 2023 kwamba mzee wa krafti amekufa walikuwa sahihi kihistoria, na waliosema hakuwa wa krafti walikuwa sahihi kwa karatasi. Karatasi hiyohiyo ina kituko kingine. Mei 2024 Anchor ilinunuliwa na Hamdi Ulukaya, mwanzilishi wa kampuni ya mtindi ya Chobani. Sharti la asilimia 25 linawahusu wafanyabiashara wa vileo. Mtengeneza mtindi, hata akishika hisa zote mia kwa mia, halimgusi.